Neno "Risasi" na Afya ya Mtoto: Matatizo ya Istilahi na Baadhi ya Mapendekezo

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mbele yetu kwa ajili ya kuhakikiwa, zipo ambazo kosa lake ni la ufasaha tu, na zipo ambazo kosa lake laweza kumdhuru mtu. Makala haya yanahusu kazi moja ya aina hii ya pili.

Hivi karibuni tulipokea rasimu ya kipeperushi kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kilichokusudiwa kugawiwa wazazi katika zahanati na shule za msingi. Kichwa chake kilisomeka: "Mkinge Mtoto Wako na Risasi". Walioileta rasimu hiyo walituomba tusahihishe sarufi na tahajia. Kwa upande wa sarufi hakukuwa na la kusahihisha. Sentensi ilikuwa timamu na upatanisho wake ulikuwa sahihi. Hata hivyo tuliingiwa na shaka, tukaona heri rasimu isomwe kwanza mbele ya wale walioandikiwa.

Tuliipeleka Chimala, mji mdogo wa wilaya ya Mbarali katika mkoa wa Mbeya. Chimala ilitufaa kwa sababu mbili. Kwanza, imekaa kando ya barabara kuu iendayo Zambia na ya reli ya TAZARA, chini ya milima ya Kitulo na ukingoni mwa bonde la Usangu. Kwa hiyo wamo mafundi wa magari na wa betri, wakulima wa mpunga, wachuuzi na madereva. Pili, wakazi wake ni Wasangu, Wanyakyusa, Wabena, Wakinga, Wahehe na wengineo, na lugha inayowakutanisha wote ni Kiswahili. Neno lisiloeleweka hapo haliwezi kusingiziwa ugeni wa msomaji.

Rasimu iliposomwa kwa sauti, mama mmoja mtu mzima alituuliza: "Wanangu, risasi hizo zinatoka wapi? Hapa kwetu vita hakuna." Wengine wakacheka. Fundi mmoja wa betri, aliyekuwa amesimama nyuma, akamjibu: "Mama, siyo ile ya bunduki. Ni hii ya betri, ile ninayoiyeyusha pale kwangu." Yule mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena: "Hii ambayo mjukuu wangu huiokota na kuichezea?" Fundi akasema ndiyo. "Basi mngesema ya betri," akatuambia sisi, wala hakucheka tena.

Katika dakika chache hizo tulipata karibu mafunzo yote tunayotaka kuyaeleza katika makala haya.

2. Asili na maana za neno "risasi"

Neno "risasi" limetoka katika Kiarabu, ambako "rasasi" ni jina la metali laini, nzito, yenye rangi ya kijivujivu. Kwa kuwa vidonge vya bunduki vilifanywa kwa metali hiyo, jina la metali likawa jina la kidonge, na kwa matumizi ya miaka mingi maana ya pili imeifunika ile ya kwanza. Kamusi zetu huziweka maana zote mbili, na kamusi za zamani huongeza ya tatu, yaani lehemu, kwa sababu lehemu ya kuungia vyombo ilikuwa na metali hiyo ndani yake. Lakini kamusi hueleza maana zilizopo. Haielezi ni ipi inayomjia msomaji kwanza. Kwa Mtanzania wa kawaida wa leo, asiye fundi, inayomjia kwanza ni ile ya bunduki.

Lipo pia jina la zamani la penseli, "kalamu ya risasi", nalo limetokana na Kiarabu. Jina hili ni la kihistoria tu. Kiini cha penseli ni grafaiti, ambayo ni namna ya kaboni, wala haina metali tunayoizungumzia. Mwalimu atakayewaonya watoto juu ya risasi iliyomo ndani ya penseli atakuwa amewapotosha, na pengine atakuwa ameyageuza macho yao mbali na hatari ya kweli, nayo ni rangi inayobanduka katika dawati wanaloandikia.

Kadhalika tumekutana na tafsiri zilizoiita metali hii "bati". Bati ni metali nyingine, na katika lugha ya kila siku mabati ni yale ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki. Wazazi wakiambiwa kwamba bati humdhuru mtoto, walio na nyumba nzuri watakuwa wa kwanza kupata hofu bila sababu. Wengine wameichanganya na zebaki. Kosa hili lafaa kuangaliwa sana katika mkoa wa Mbeya na jirani zake, kwa sababu wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya huifahamu zebaki vizuri: ndiyo wanayoitumia kukamatia dhahabu. Zebaki na risasi zote ni sumu, lakini hutoka mahali mbalimbali na huzuiwa kwa njia mbalimbali.

Ama kuhusu istilahi "plumbi", inayoonekana katika baadhi ya maandishi ya kemia, asili yake ni neno la Kilatini ambalo ndilo lililotoa alama ya kikemia ya metali hii, Pb. Istilahi hii ina sifa nzuri: haina maana ya pili. Twaona inafaa katika orodha ya elementi na katika vitabu vya sekondari. Lakini katika kipeperushi cha zahanati haifai, kwa sababu fundi wa Chimala, ambaye ndiye wa kwanza kupaswa kuonywa, anaijua metali yake kwa jina la risasi. Tukimwandikia "plumbi" tutakuwa tumeondoa utata kwa mama na kumpoteza fundi, na mama naye hatakuwa amepata kitu anachokijua.

3. Jambo lenyewe

Mfasiri hawezi kuchagua neno zuri kwa jambo asilolielewa. Kwa sababu hiyo hatuna budi kulieleza jambo lenyewe kwa ufupi.

Risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 za Selsiasi. Joto hilo hupatikana kwa urahisi juu ya jiko la mkaa, na hiyo ndiyo sababu metali hii imependwa na mafundi tangu kale. Haipati kutu kama chuma, haiozi, wala haimalizwi na mvua na jua. Iliyoanguka katika udongo hubaki katika udongo huo miaka na miaka.

Mwili wa binadamu hauna kazi yoyote na risasi. Ikiingia, mwili huichukua kana kwamba ni kalsiamu, ukaihifadhi katika mifupa na meno, ambamo yaweza kukaa kwa miongo kadhaa. Mwanamke aliyeingiwa na sumu hii alipokuwa msichana aweza kuirudisha katika damu wakati wa ujauzito, ikamfikia mtoto tumboni.

Mtoto mdogo huathirika kuliko mtu mzima kwa sababu kadhaa. Hucheza chini, hutia mikono na vitu kinywani, na ubongo wake ungali unajengeka. Aidha, Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba tumbo la mtoto mdogo huweza kufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya tumbo la mtu mzima kwa kiasi kile kile kilichomezwa. Mtoto mwenye upungufu wa chuma au kalsiamu katika chakula chake hufyonza zaidi. Kiasi kikubwa huleta maumivu ya tumbo, degedege, kupoteza fahamu na hata kifo. Kiasi kidogo huweza kutoonyesha dalili yoyote ya nje, ilhali kinapunguza uwezo wa mtoto wa kujifunza na kutulia darasani, kinampunguzia damu, na kinadhuru figo zake. Madhara ya ubongo hayarudi nyuma.

Risasi humfikia mtoto kwa njia nyingi, nasi tutazitaja zile zinazohusu nchi zetu.

Ya kwanza ni betri za magari, za pikipiki na za umeme wa jua. Ndani ya betri ya namna hii mna mabamba ya risasi, ambayo mafundi huyaita pleti, yaliyozama katika tindikali. Betri ikifunguliwa nyumbani, tindikali ikamwagwa uani na mabamba yakayeyushwa jikoni ili kupata lehemu au vipande vya kuzamishia nyavu, yaani chubwi, basi moshi na vumbi lake huenea katika uwanja ambao watoto huchezea.

Ya pili ni rangi ya mafuta ipakwayo milango, madirisha, madawati na pembea za watoto. Baadhi ya rangi hizo, hasa za manjano, nyekundu na za machungwa, zilitiwa misombo ya risasi ili zing'ae na zidumu. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vimeweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni, lakini kiwango kipya hakiibandui rangi iliyokwisha kupakwa. Katika miaka ya 2010 shirika la AGENDA la Dar es Salaam, kwa kushirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN, lilipima rangi zilizokuwa madukani nchini na kukuta baadhi ya rangi za mafuta zikizidi kikomo hicho mara nyingi.

Ya tatu ni vyombo na vitu vya matumizi ya nyumbani: sufuria zinazosubiwa kwa vyuma chakavu vilivyochanganyika, wanja uliosagwa kutokana na mawe yenye risasi, na pia baadhi ya udongo unaouzwa sokoni kwa ajili ya kuliwa na wajawazito.

Ya nne ilikuwa petroli. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa risasi ili injini isigonge. Mwaka 2001 wawakilishi wa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara waliazimia huko Dakar kuikomesha, na kufikia Januari 2006 azimio hilo lilikuwa limetimizwa. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari, mwaka 2021. Njia hii sasa imefungwa, nasi tunaitaja kwa sababu mbili: udongo wa kando ya barabara za miji uliopokea moshi wake haujasafishwa, na mafanikio hayo yaonyesha kwamba sumu hii huzuilika serikali zikiamua.

4. Mifano ya jirani

Isije ikadhaniwa kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali. Abiria apandaye treni ya TAZARA Chimala na kwenda mpaka mwisho wa reli atashuka Kapiri Mposhi, Zambia. Kusini kidogo ya hapo ni Kabwe, mji ulioitwa Broken Hill wakati wa ukoloni, ambako risasi ilichimbwa na kuyeyushwa kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 mpaka mwaka 1994. Mgodi ulifungwa, lakini mabaki yake yalibaki, na vumbi lake limeendelea kuingia katika damu ya watoto waliozaliwa baada ya mgodi kufungwa.

Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi katika damu, akaanza kuwaunganisha wakazi kudai haki. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, baada ya rufani, Mahakama ya Juu ya Kenya iliirejesha fidia hiyo Desemba 2024.

Magharibi ya Afrika hali ilikuwa mbaya zaidi. Katika Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa mwaka 2008 kutokana na udongo wa mahali palipovunjwa betri. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto wasiopungua 400 walikufa baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi kusagwa majumbani. Wazazi wao hawakuwa wazembe. Walikuwa wakitafuta riziki, na hawakuwa wamepata onyo wanaloweza kulielewa.

Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, pamoja na shirika la Pure Earth, lilikadiria kwamba mtoto mmoja katika kila watatu duniani ana mikrogramu 5 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu.

5. Matatizo manne ya kufasiri

(a) Jina la metali. Wengi huandika "madini ya risasi", na msemo huo umezoeleka. Una faida ya kuondoa wazo la bunduki. Lakini tulipoujaribu Chimala uliibua tatizo ambalo hatukulitazamia. Kliniki, mama mjamzito huambiwa ale chakula chenye vitamini na madini. Huambiwa kwamba madini ya chuma huongeza damu. Kwake yeye "madini" ni neno jema. Kinamama wawili walituuliza kama madini hayo ya risasi yanapatikana katika mboga. Kwa hiyo "madini ya risasi" hubainisha kitu lakini haionyi. Katika maandishi ya wananchi tunaona neno "sumu" litangulie, na chanzo kitajwe: "sumu ya risasi iliyomo katika betri na rangi". Likishaelezwa hivyo mara ya kwanza, laweza kufupishwa kuwa "sumu ya risasi".

(b) Dhana ya kufikiwa na sumu. Kiingereza kina nomino moja kwa hali ya mtu kuwa mahali ambapo kitu chenye madhara chaweza kumgusa au kumwingia. Rasimu yetu iliandika "mtoto aliyepatwa na risasi". Hakuna Mswahili atakayesikia maneno hayo asiulize mtoto amejeruhiwa wapi. Wafasiri wengine hutumia "mfiduo", kutokana na kitenzi "fidua". Kitenzi hicho chapo, lakini maana yake ya kawaida ni kukifunua au kukitokeza nje kilichokuwa ndani, kinyume kabisa cha jambo tunalotaka kulieleza. Wengine huandika "kuathiriwa", nalo ni kosa la maana, kwa sababu aliyekaribiana na sumu si lazima awe amekwisha kudhurika.

Sisi tunapendekeza hatua tatu zitenganishwe kwa vitenzi vitatu vya kawaida. Sumu humfikia mtoto, sumu humwingia mwilini, sumu humdhuru. Hivyo tutasema "watoto wanaofikiwa na vumbi la risasi", "risasi iliyoingia katika damu", na "mtoto aliyedhuriwa na sumu ya risasi". Faida ya mpangilio huu si ya lugha peke yake. Humwonyesha mzazi kwamba kuna mahali pa kuikata njia kabla ya madhara kufika.

(c) Neno "kinga". Katika nchi yetu kinga huambatana na chanjo. Tuliposoma "kinga ya risasi" tuliulizwa sindano hiyo itatolewa lini. Sumu hii haina chanjo. Yafaa tuseme "kuzuia", "kupunguza" na "kuepusha". Kwa wale waliokwisha kuwa na kiasi kikubwa katika damu, zipo dawa zitolewazo hospitalini zinazoinasa metali na kuitoa kwa mkojo. Tunapendekeza ziitwe "dawa za kunasa risasi". Isisemwe kwamba zinaponya, kwa sababu haziurudishi ubongo katika hali yake ya kwanza.

(d) Vipimo na viwango. Hapa kosa dogo la kalamu ni kosa kubwa la maana. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Miligramu ni sehemu moja ya elfu. Afisa atakayeandika "miligramu 5" mahali pa "mikrogramu 5" atakuwa amekizidisha kiwango mara 1,000. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaagiza kwamba mtu mwenye mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu atafutiwe chanzo cha sumu na hatua zichukuliwe. Hiki ni kipimo cha kuchukua hatua. Kisifasiriwe kuwa "kiwango kinachoruhusiwa".

Mfano mwingine ni sentensi ambayo rasimu iliiandika: "Kiwango salama cha risasi hakijulikani." Msomaji ataelewa kwamba kiwango hicho kipo, ila wataalamu hawajakipata. Maana iliyokusudiwa ni: "Hakuna kiasi cha risasi, hata kiwe kidogo namna gani, kinachojulikana kuwa hakimdhuru mtoto." Sentensi ya pili ni ndefu, lakini ndiyo iliyo kweli.

Tuongeze onyo moja juu ya heshima. Rasimu ilieleza madhara ya ubongo kwa kutumia "mtindio wa ubongo" na "taahira". La kwanza ni jina la hali nyingine ya kitabibu, na la pili hutumika kama tusi. "Kupungua kwa uwezo wa kujifunza" hutosha, na mzazi hatalificha jambo kwa aibu.

6. Orodha ya mapendekezo

Maneno yafuatayo ni mapendekezo yanayotolewa ili yajadiliwe, hayajasanifiwa.

Sumu ya risasi: risasi kwa namna inavyodhuru mwili; itumike katika maandishi ya wananchi, chanzo kikitajwa mara ya kwanza.

Metali ya risasi, au plumbi: elementi yenye alama Pb, itumike katika vitabu vya sayansi.

Kufikiwa na sumu: kuwa katika hali ambayo sumu yaweza kumgusa mtu au kumwingia.

Kudhuriwa na sumu: kupata madhara, yawe na dalili za nje au yasiwe nazo.

Kipimo cha hatua: kiasi katika damu ambacho kikifikiwa, hatua hupaswa kuchukuliwa.

Sehemu kwa milioni: katika rangi, miligramu moja katika kilo moja ya rangi iliyokauka.

Rangi isiyotiwa risasi: rangi ambayo mtengenezaji hakutia msombo wa risasi kwa makusudi.

Betri kuukuu: betri iliyokwisha kutumika, ambayo huhesabiwa kuwa taka hatarishi.

7. Kipeperushi kilivyokuwa baadaye

Baada ya mazungumzo ya Chimala, rasimu iliandikwa upya. Tunayatoa hapa maneno yake ili wafasiri na walimu wayatumie, wayarekebishe, au wayakosoe:

"Sumu ya risasi iliyomo katika betri na rangi humdhuru mtoto. Hii siyo risasi ya bunduki. Ni ile metali nzito ya kijivu iliyomo ndani ya betri ya gari, ya pikipiki na ya umeme wa jua. Imo pia katika baadhi ya rangi za mafuta.

"Vumbi na moshi wake humfikia mtoto kwa mikono, chakula na pumzi. Mtoto aweza kudhurika bila kuonekana mgonjwa.

"Usifungue betri wala kuyeyusha risasi nyumbani au mahali watoto wanapocheza. Betri kuukuu iuze nzima kwa mnunuzi mwenye kibali. Ukifanya kazi ya betri, oga na ubadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Rangi ya zamani usiikwangue ikiwa kavu; ilowanishe kwanza, na watoto wawe mbali. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi kuliko kulifagia. Mwoshe mtoto mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Mpe dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa, kwa kuwa mwili wenye chuma na kalsiamu za kutosha hufyonza sumu kidogo zaidi. Ukiwa na shaka, mweleze mganga ni kazi gani inayofanyika nyumbani na jirani."

Maneno hayo yaliposomwa kwa mara ya pili, hakuna aliyeuliza juu ya vita wala juu ya sindano. Maswali yalikuwa mengine. Fundi aliuliza mnunuzi mwenye kibali atampata wapi kutoka Chimala. Mwalimu aliuliza nani atakayepima rangi ya madawati yake. Yule mama mtu mzima aliuliza mjukuu wake akapimwe damu wapi.

Maswali haya yako nje ya uwezo wa mtu wa istilahi. Ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ya Shirika la Viwango na ya Wizara ya Afya. Tumeyaandika kama yalivyoulizwa, na tumeyapeleka pamoja na rasimu kwa walioileta.

8. Hitimisho

Tunawaomba wafasiri wasikubali kukabidhi kazi ya afya kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya watu watatu au wanne wa namna ile iliyoandikiwa, akiwemo mmoja mwenye kuifanya kazi inayozungumzwa. Tunawaomba walimu wayajaribu maneno haya darasani, na watumishi wa serikali watuletee majina ambayo mafundi wa wilaya zao huyatumia kwa betri, rangi, lehemu na vyuma chakavu. Majina hayo ni hazina ambayo sisi tulio ofisini hatuwezi kuibuni. Maoni yatakayotufikia yatazingatiwa kabla mapendekezo haya hayajapelekwa mbele ya kikao cha usanifishaji.